Biti ya Rauta kwa Bawaba ya Marfaa

Nakala ya mazungumzo kwa mafundi seremala na wanagenzi wa Kaunti ya Garissa

  Mada ya leo ni kitu kidogo kinachoweza kuingia katika mfuko wa shati, lakini kimewapandisha mafundi wengi kwenye basi la Nairobi na kuwarudisha mikono mitupu: biti ya rauta. Tena si biti ya kazi ya kila siku. Ni ile inayotafutwa kwa mkato usio wa kawaida, ambao muuzaji akielezwa hutikisa kichwa.

Mkato wenyewe ni wa bawaba ya marfaa. Kila nyumba ya hapa inaijua marfaa, kile kiti kidogo cha mbao cha kuwekea msahafu ili usikae chini. Iliyo nzuri hutoka katika ubao mmoja. Haina msumari, haina gundi, haina bawaba ya chuma. Ikikunjwa ni ubao bapa. Ikifunguliwa inakuwa vibao viwili vilivyopishana kama herufi X, vimeshikana katikati kwa vidole vya mbao vilivyochongwa kutoka katika ubao huohuo, na havitoki hata mtu akivuta. Mtoto wa duksi akiiona mara ya kwanza huigeuza huku na huku akitafuta mahali ilipounganishwa. Haikuunganishwa popote. Ilitenganishwa.

Kazi hii ni ya zamani sana kuliko umeme. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York kuna marfaa kubwa ya mbao iliyochongwa na fundi Hasan bin Sulaiman wa Isfahan mwaka wa 1360, ndefu kupita kifua cha mtu mzima, yenye maandishi na maua ubao mzima. Majirani wa Garissa kule Lamu nao wamechonga milango kwa patasi na kigongo kwa karne nyingi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na rauta. Basi kwa nini fundi wa leo aitafute?

Kwa sababu ya hesabu. Chukua fundi aliyepata oda ya marfaa 30 za duksi, zinazotakiwa kabla ya Ramadhani. Marfaa yenye vidole vitano ina mikato mitano uso wa mbele na mitano uso wa nyuma, yaani kumi. Marfaa 30 ni mikato 300, na kila mmoja ni wa kina cha nusu ya ubao, katika mbao ngumu. Akiifanya yote kwa patasi, mwezi utaandama kazi haijafika nusu. Akiikosa oda, duksi itanunua marfaa zilizoletwa na meli kutoka nje, na mwaka ujao haitamuuliza tena. Rauta ingemwokoa siku nyingi. Ndiyo maana anashika simu na kuanza kutafuta biti.

Kabla ya simu kuna kazi moja ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ni kuuchora mkato kwa ukubwa wake halisi. Si mchoro wa marfaa nzima. Ni mchoro wa ubao ukitazamwa kwa ubavu, mahali pa bawaba tu, kwenye kadibodi, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Mchoro huo ndio utakaosema biti gani inatakiwa. Jina halisemi kitu. Biti moja huitwa hivi na muuzaji wa Garissa na vingine na muuzaji wa Nairobi, na kwenye pakiti imeandikwa Kichina.

Tuseme ubao una unene wa milimita 20, upana wa milimita 175 na urefu wa milimita 450. Mstari wa katikati ya bawaba unapita kwa upana wa ubao, theluthi moja kutoka chini, ili miguu iwe mifupi na sehemu ya juu iwe ndefu ya kubeba msahafu. Juu ya mstari huo, kwa milimita 10, unapigwa mstari mwingine. Chini yake, kwa milimita 10, mwingine tena. Mistari hiyo miwili ya nje inaacha ukanda wa milimita 20, sawasawa na unene wa ubao. Ukanda huo unagawanywa mara tano kwa upana, na kila kidole kinapata milimita 35. Mistari yote inazungushwa hadi uso wa nyuma, na hapa fundi asikadirie kwa jicho: nyuma ikipishana na mbele kwa milimita mbili, bawaba haitafunguka kamwe.

Sasa mkato. Uso wa mbele, vidole vya kwanza, cha tatu na cha tano vinakatwa chini ya mstari wa katikati. Cha pili na cha nne vinakatwa juu yake. Uso wa nyuma ni kinyume: vya kwanza, cha tatu na cha tano vinakatwa juu, cha pili na cha nne chini. Vidole vitatu vitabaki vimeshikana na kibao kimoja na viwili na kingine, na vibao hivyo ndivyo vitakavyopishana.

Kila mkato ukitazamwa kwa ubavu una kuta mbili zisizofanana. Ukuta mmoja ni ule wa kidole: unaanza juu kabisa kwenye mstari wa katikati na kushuka kwa mviringo, au kwa mtelemko, hadi kina cha milimita 10 kwenye mstari wa nje. Ukuta wa pili uko pale kwenye mstari wa nje, nao umesimama wima kama ukuta wa nyumba. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mfereji wenye upande mmoja wa mviringo na upande mmoja wima.

Hapo ndipo fundi anapoingia dukani na kuomba biti inayoviringa upande mmoja na kusimama wima upande wa pili. Muuzaji anatafuta kwenye kabati, anapiga simu kwa mwenzake, anamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu hakuna. Fundi anaambiwa labda Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na nauli ni ya kwenda na kurudi.

Nairobi pia hakuna. Wala Dubai. Biti hiyo haipo duniani, na sababu yake inaonekana mtu akiizungusha biti yoyote polepole kwa vidole. Biti inazunguka. Chochote kilicho upande wake wa kushoto, baada ya nusu mzunguko kiko upande wa kulia. Ikiwa na umbo la mviringo, inakata mviringo pande zote mbili za mfereji. Ikiwa wima, inakata wima pande zote mbili. Ukingoni mwa ubao shida hii haionekani, kwa sababu upande wa pili wa biti unakata hewa. Katikati ya ubao, upande wa pili unakata mbao ambayo fundi aliitaka ibaki.

Wapo wanaosema: kwani kuna ubaya gani ukuta wa pili nao ukiwa wa mviringo? Biti ya kuviringa isiyo na beringi, inayoweza kuzama katikati ya ubao, inapatikana madukani. Ubaya upo, na haujitokezi siku ya kwanza. Ule ukuta wima ndio breki ya marfaa. Vibao vinapofunguka hadi digrii 90, mwisho wa kibao kimoja unalala bapa juu ya uso wa kibao kingine, uso kwa uso, na uzito wa msahafu unakaa hapo. Ukuta ukiviringwa, vibao vinakutana kwa ncha nyembamba tu. Ncha hiyo inapondeka kidogo kila siku, na kila ikipondeka marfaa inafunguka zaidi. Baada ya miezi imelegea, inalala upande, na msahafu unateleza. Na fundi anayejaribu kuurudisha ukuta nyuma ili aupate wima tena, akauweka milimita 20 kutoka mstari wa katikati badala ya 10, atakuta vibao vinapita digrii 90 bila kugusana popote, hadi karibu na 127. Hiyo si marfaa tena.

Basi utafutaji unaanza upya, safari hii kutoka kwenye mchoro. Swali la kwanza: je, mviringo ni lazima? Fundi akipiga duara la nusu kipenyo cha milimita 10 kwenye kadibodi, na kisha akaunganisha mwanzo na mwisho wa ukuta wa kidole kwa mstari ulionyooka, ataona mstari huo uko ndani ya duara. Maana yake ni kwamba kidole kilichokatwa kwa mtelemko ulionyooka wa digrii 45 hakizuii kitu chochote kuzunguka. Bawaba itafunguka na itasimama palepale kwenye digrii 90. Itacheza kidogo ikiwa njiani, hilo ni kweli, na mzee aliyezoea marfaa za patasi ataligundua mara moja. Ikishafunguka yote haichezi.

Swali la pili: je, kuna biti inayotoa ukuta mmoja wima na mwingine wa digrii 45? Ikisimama wima, hakuna. Ikiinamishwa, ipo. Biti ya V ya kuchonga herufi, yenye pembe ya digrii 45 kutoka ukingo hadi ukingo, ina digrii 22.5 kila upande wa mhimili wake. Rauta ikiinamishwa kwa digrii 22.5, kichwa chake kikielekea upande wa mstari wa katikati, ukingo mmoja wa biti unasimama wima na ule mwingine unalala digrii 45. Mfereji wote unapatikana kwa biti moja ya kawaida kabisa, ambayo waandika vibao vya maduka huitumia. Dukani inapatikana kwa urahisi kuliko biti nyingi, ila mnunuzi asome pembe yake vizuri. Za digrii 60 na 90 ndizo zinazojaa kwenye rafu, na kwa kazi hii hazifai.

Pembe ya digrii 22.5 haihitaji chombo cha gharama. Karatasi yenye kona ya mraba inakunjwa mara moja kona igawanyike sawa, hiyo ni 45. Inakunjwa tena, hiyo ni 22.5. Karatasi hiyo ndiyo kipimo cha kukatia kabari ya mbao ya kuweka chini ya kitako cha rauta. Kabari ifungwe kwa skrubu kwenye kitako, isishikiliwe kwa mkono, na ubavu wake utembee ukiegemea ubao wa mwongozo uliobanwa kwa klampu mbili. Kabari ikiteleza katikati ya mkato, ubao umeharibika na kidole cha fundi kiko karibu.

Ukubwa wa biti nao unatoka kwenye mchoro. Ili ifike kina cha milimita 10 ikiwa imeinama, ukingo ule wa digrii 45 unahitaji urefu wa kukata wa milimita 13 hivi ukipimwa kwenye mhimili wa biti, na biti ya namna hiyo ina upana wa milimita 11 au zaidi kidogo. Yenye upana wa nusu inchi inatosha. Yenye upana wa robo inchi, hata ikiwa na pembe sawa, itaishia njiani na shina lake litaanza kusugua ukingo wa mbao hadi moshi utoke. Fundi akate kadibodi kwa umbo la mfereji, akaiweke juu ya biti palepale dukani. Asiyeweza kwenda mwenyewe apige picha ya biti kando ya rula kwenye simu na kuipima kwa mchoro kabla ya kutuma pesa. Kurudisha biti iliyokwisha safiri kutoka Nairobi ni mzozo.

Kuna kipimo kingine ambacho kosa lake si la hasara tu bali la hatari. Ni mkia wa biti, ile sehemu inayoingia kwenye koleti. Rauta ndogo za mkono huja na koleti ya milimita 6 au ya robo inchi, na robo inchi ni milimita 6.35. Kwa macho ni sawa. Kwa chuma si sawa hata kidogo. Mkia wa milimita 6 katika koleti ya robo inchi utabanwa, utaonekana umeshika, kisha utatambaa kutoka mbao inapokaza, ukizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Rauta kubwa zina ugomvi uleule kati ya milimita 12 na nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Wapo wanaozungushia mkia karatasi au kipande cha mkebe. Asifanye hivyo mtu yeyote anayevipenda vidole vyake. Koleti ya ukubwa unaotakiwa huuzwa peke yake, na fundi asiye na uhakika aende dukani na rauta yenyewe. Mkia uingizwe hadi chini, kisha uvutwe juu milimita mbili au tatu ndipo ukazwe, na waya wa umeme uwe umechomolewa wakati wote huo.

Biti ikishapatikana, kinachobaki ni mbao, na kwa Garissa habari ya mbao ni habari ya mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufunika machimbo ya Bamburi, na katika miaka ya 1980 ukapandwa maeneo makavu kama Baringo na Tana River ili kushika udongo na kutoa kuni. Haukungoja kualikwa zaidi. Umejaa kingo za Mto Tana, umezunguka makazi ya Dadaab, umekula malisho na kutoboa magurudumu, na mwaka wa 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu. Wafugaji wengi wanaupa jina la garanwaa, yaani usiojulikana. Lakini seremala aliyeupasua anaujua: ndani una moyo mwekundu wa kahawia unaong'aa ukipigwa randa, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 800 hivi ikiwa kavu, na ukikauka haunywei sana wala kujikunja kama mbao nyingine nyingi. Kwa bawaba ya mbao sifa hiyo ya mwisho ni ya dhahabu. Kidole kikivimba au kujikunja, marfaa haifunguki. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imekuwa ikihimiza mti huu utumiwe badala ya kuchomwa tu, na marfaa ni matumizi mazuri kwa sababu haidai ubao mrefu. Mashina mengi ya mathenge ni mafupi na yamepinda. Kipande cha nusu mita kilichonyooka kinapatikana hata katika mti mbaya.

Ugumu huo una bei yake. Biti ya chuma cha kawaida itapoteza makali mapema katika mathenge, kisha itaunguza badala ya kukata. Inunuliwe yenye ncha za kabaidi, zile zinazoonekana kama vipande vya kijivu vilivyochomelewa ubavuni. Kabla ya kulipa, fundi apitishe ukucha taratibu kwenye ukingo: ukikwama, kuna pengo. Na mbao iwe kavu kweli. Jua la Garissa hukausha haraka mno, ubao ukapasuka kwenye miisho wakati ndani bado una maji, kwa hiyo magogo yaliyopasuliwa yapakwe rangi au nta kwenye miisho na kupangwa kivulini kwa vijiti katikati. Anayetoa magogo sehemu moja kwenda nyingine aulize kwanza ofisi ya Huduma za Misitu, KFS, kuhusu kibali cha kusafirisha. Kizuizi cha barabarani si mahali pa kujifunza sheria.

Mkato wenyewe usifanywe kwa kuzamisha biti milimita 10 kwa mara moja. Milimita 3, kisha 3, kisha 3, na ule wa mwisho wa milimita moja uwe mwepesi wa kusafisha. Biti ndogo kama hii inaweza kuzunguka kwa kasi ya mizunguko 18,000 hadi 24,000 kwa dakika, mradi isizidi ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Alama nyeusi za kuungua kwa kawaida zinasema mkono unasita au biti imekuwa butu. Ubao ubanwe mezani, na pembeni mwa kidole cha kwanza na cha tano kibanwe kipande cha mbao taka, ili biti inapotoka isirarue ukingo.

Kabari moja inatosha kwa mikato yote. Baada ya kukata kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, ubao unageuzwa juu chini bila kupinduliwa, na cha pili na cha nne vinakatwa kwa mpangilio uleule. Kisha ubao unapinduliwa na kazi inarudiwa nyuma. Hapo ndipo siku zinapookolewa: fundi mwenye ubao 30 anakata vidole vya kwanza vya mbao zote, halafu vya pili, bila kugusa vipimo.

Patasi haijafukuzwa karakanani. Biti ya V haiwezi kufika kwenye mpaka wa kidole na kidole bila kula kidole cha jirani, kwa hivyo rauta isimame kabla ya mstari, milimita 5 au 6, na kona imaliziwe kwa patasi kali. Mwanagenzi akifundishwa kitu kimoja tu katika kazi hii, kiwe kunoa patasi hiyo. Na mteja anayetaka vidole vya duara kamili, vinavyozunguka kama vimepakwa mafuta, asifanyiwe kazi ya V hata kidogo, maana mbao ya kuviringa itakuwa imeshakatwa. Hiyo ni kazi ya mkono, na bei yake isemwe mapema.

Baada ya mifereji, vidole vinatenganishwa kwa msumeno mwembamba unaopitishwa katika tundu dogo lililotobolewa, ukikata mipaka kutoka mstari wa nje hadi mstari wa nje na si zaidi. Mwisho ubao unapasuliwa katikati ya unene wake, kutoka juu kushuka hadi kwenye bawaba na kutoka chini kupanda hadi kwenye bawaba. Msumeno ukipotoka hapa kibao kimoja kinabaki chembamba, kwa hiyo usukumwe taratibu na ugeuzwe upande mara kwa mara. Vumbi la mbao lina madhara kwa mapafu na linajulikana kusababisha saratani ya pua, basi barakoa ivaliwe, na miwani, na vizibo vya masikio. Kitambaa cha kilemba kilichofungwa puani si barakoa, ingawa ni bora kuliko kitu bure.

Ubao wa kwanza usiwe wa mathenge. Uwe kipande cha saiprasi cha unene uleule wa milimita 20, kilichobaki katika kazi ya mlango. Fundi akimaliza kukipasua, asikivute kwa nguvu. Akiguse kwa nyundo ya mpira kwenye mwisho wa juu, asikilize. Kama kuna nyuzi zilizoshikilia, atazisikia zikiachia moja moja. Kikikataa kabisa, atafute mahali ambapo mistari ya nyuma haikukutana na ya mbele. Kikifunguka, akiweke sakafuni, akipime kwa kona ya mraba katikati ya vibao viwili, kisha aweke juu yake tofali moja na kukiacha hadi kesho yake asubuhi. Kona ya mraba ikiwa bado inaingia sawasawa, oda inaweza kuanza.